Daftari la kurasa 48: hesabu ya mtoto asiyesikia

Dada yangu anauza viazi karai upande wa Likoni, hatua chache kutoka kwenye feri, na ana daftari la kurasa 48 la kuandika anaowadai na wanaomdai. Mwaka jana kurasa za mwisho za daftari hilo zilijaa hesabu ya mwanawe wa miaka tisa. Katika muhula mmoja kijana alimpiga mwenzake usoni kwa chupa ya maji, akavunja kioo cha darasa, kisha akaanza upya kukojoa kitandani baada ya miaka minne ya godoro kavu. Shule ilimwita mama mara nne. Mara ya nne akaambiwa amtafutie mtoto msaada, akaagwa. Msaada huo unauzwa wapi na kwa kiasi gani, hakuna aliyemwambia.

Basi akanunua alichokiona, na kila alichonunua akakiandika. Nimemwomba ruhusa ninakili. Kombe na sadaka ya maalim, 1,500. Fundi wa huko Kwale, 8,500, kuku hakuhesabiwa. Mwalimu wa twisheni "wa kumkazia", 3,000. Kioo cha shule, 2,200. Mshauri nasaha wa Nyali, vikao vitatu, 10,500. Nauli ya vikao hivyo, 1,200. Halafu mstari mmoja wa wino mwekundu: "asubuhi 3 sikufungua", 2,400. Jumla, kutoka Januari hadi Juni, shilingi 29,300.

Mstari huo mwekundu ndio ulionifanya nikae kuandika. Mshauri wa Nyali alitaja 3,500 kwa kikao, na hakudanganya. Lakini kwa mwanamke anayetoka Likoni na mtoto mkononi, kikao kile kilikuwa pia na nauli ya 400 kwenda na kurudi (feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, matatu si bure), na asubuhi nzima ya viazi visivyokaangwa, 800. Bei yake halisi ilikuwa 4,700. Baada ya kikao cha tatu pesa zikakata. Hakuambiwa mwanzoni kwamba vitahitajika vikao vingapi, naye hakuuliza, kwa kuwa kwa daktari tumezoea kuulizwa, si kuuliza. Na vikao vitatu kati ya kumi na viwili ni kama kununua kiatu cha mguu mmoja.

Idadi hiyo ya kumi na viwili sikuitoa hewani. Tiba ya mazungumzo inayofunza mtoto kuzikamata fikra zake na kubadili anavyozitendea, ile wataalamu wanayoiita CBT, kwa kawaida hupangwa kwa vikao 12 hadi 16. Programu ya Philip Kendall wa Marekani kwa watoto wenye wasiwasi, Coping Cat, ina vikao 16. Mjini Mombasa na Nairobi washauri binafsi wanaoona watoto huomba takriban kati ya 2,500 na 5,000 kwa kikao, na daktari wa akili huwa juu ya hapo, hasa siku ya kwanza. Kwa hesabu ya dada, vikao 12 vya Nyali vingemgharimu 56,400.

Ajabu ni kwamba fedha za kiasi hicho familia zetu huzitoa kila mwaka kwa ajili ya watoto wa aina hii, ila kwa jina lingine. Kijana akishindikana nyumbani, jibu la kwanza la wajomba na mashangazi ni "mpelekeni bodingi akanyooke." Ada ambayo serikali ya Kenya iliweka kwa miaka mingi kwa bodingi za sekondari za kitaifa ni 53,554 kwa mwaka, kabla ya sanduku, godoro na nauli za likizo. Bodingi nzuri ina faida zake na mimi mwenyewe nilisoma huko. Lakini mtoto anayekojoa kitandani kwa hofu, ukimhamishia kwenye bweni la vitanda themanini, umemwongezea mashahidi. Na mwenye huzuni anayekaa kimya hupotea kabisa bwenini, kwa kuwa mkimya hasumbui mtu. Ukiamua bodingi, amua kwa sababu ya masomo, na uiweke kwenye safu ya ada ya shule. Usiihesabu kama matibabu.

Kabla ya kufika kwenye kliniki zenyewe, kuna pesa ya kuokoa ambayo wengi huiruka. Kiswahili chetu humwita mtundu "mtoto asiyesikia," na wakati mwingine lugha hupata bila kulenga: huenda kweli hasikii. Sikio lililotoka usaha mara kwa mara utotoni linaweza kumfanya mtoto aonekane kaidi darasani. Anayezubaa kwa sekunde chache, macho yamekodoa, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea, huenda ana aina ya kifafa isiyoangusha mtu. Asiyeona ubao hucheza. Kupima masikio na macho ni gharama ya siku moja. Kwa mtoto ambaye tatizo lake ni kusoma, kuandika au kuchelewa kukua, ipo tathmini ya vituo vya EARC vilivyo chini ya Wizara ya Elimu, mfumo ulioanza mwaka 1984. Wazazi wengi hulipa maelfu kwa ripoti ya tathmini ya kliniki binafsi hali kituo cha EARC hawajapata hata kukisikia. Ripoti ya kliniki binafsi huwa ndefu na ya kina, hilo ni kweli, na kuna shule zinazoitaka. Anza na ya bei ndogo kwanza.

Sasa kombe na fundi, ambao katika daftari wamekula 10,000 kwa pamoja. Sitamcheka mtu. Kombe la zafarani katika sahani nyeupe, aya zikioshwa kwa maji ya waridi na mtoto akanywa huku nyanyake akimshika bega, halimdhuru mtoto, na saa ile ya kusomewa kwa sauti ya upole huenda ndiyo saa pekee ya wiki asiyogombezwa. Maalim yule wa 1,500 alimuuliza dada habari za nyumbani, akamwambia asiache na hospitali. Huyo namheshimu. Wa 8,500 alisema ni jini la baharini, akataka kurudiwa mara tatu, akashauri mtoto apigwe ili jini litoke. Anayekuuzia kipigo, awe na kilemba au koti jeupe, ondoka kwake hata kama umeshalipa.

Kilichobadilisha hesabu kilitokea Julai, katika kliniki ya hospitali ya umma. Dada alifika kabla ya saa moja asubuhi akaonwa saa saba na nusu mchana. Chumba kilikuwa na meza moja, feni isiyozunguka, na kopo la maziwa ya unga lililojaa vizibo vya soda. Mwanasaikolojia, kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, alimwacha mtoto avimwage vizibo sakafuni, akawa anaandika huku akimtazama kwa pembe ya jicho. Kisha akasema: "Mama, huyu nitamwona mara mbili tu. Wewe nitakuona mara nane."

Dada alirudi nyumbani amekasirika. Alienda kumtibu mtoto, akaambiwa mgonjwa ni yeye! Nilimwelewa, ingawa yule kijana alikuwa sahihi. Kwa watoto wadogo wenye ugomvi, ukaidi na hasira, tiba iliyochunguzwa kuliko zote ni ile ya kumfunza mzazi. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2013 kuhusu watoto wa miaka 3 hadi 11 wenye tabia hizo unapendekeza vikundi vya wazazi, mikutano 10 hadi 16, kila mmoja wa dakika 90 hadi 120. Tanzania ilikuwa na programu ya aina hiyo kwa wazazi wa vijana, Furaha Teens, ya vikao 14, iliyofika kwa familia nyingi za kawaida bila malipo. Sababu yake haina siri: mtaalamu anamwona mtoto saa moja kwa wiki, wewe unamwona saa zote zilizobaki.

Kazi ya kwanza aliyopewa dada ilikuwa dakika kumi. Kila jioni, baada ya kufunga kibanda, aketi mkekani na mwanawe na vizibo, mtoto aongoze mchezo, na mama asitoe amri, asiulize swali, asisahihishe. Aseme tu anachokiona: "umeviweka vyekundu upande huu." Aliniambia kukaangia watu mia moja ni rahisi kuliko dakika hizo kumi. Wiki ya kwanza mtoto alivirusha vizibo ukutani kimoja kimoja, akisubiri agombezwe. Wiki ya tatu, dada akiwa amechoka na amejilaza, akasikia sauti mlangoni: "Mama, dakika zetu je?" Kazi nyingine zilifuata: kusifu jambo lenyewe badala ya kusema "mtoto mzuri," kupuuza madogo, na adhabu moja isiyo ya mkono, ileile kila mara, bila hotuba. Ikabainika pia, katika kikao cha pili, kwamba kukojoa kitandani kulianza wiki ileile aliyopanda ndege baba yake kwenda Doha kufanya kazi ya ulinzi. Tarehe zote mbili zilikuwa katika daftari, kurasa mbili mbalimbali.

Tulinganishe basi. Kliniki ya umma ilimgharimu dada 500 za kadi na kuonwa, 200 za nauli, na siku nzima ya biashara, 1,500: jumla 2,200 kwa ziara. Ziara kumi ni 22,000. Ziara kumi za Nyali zingekuwa 47,000. Umma umeshinda, lakini umeshinda kwa mwuza viazi. Rafiki yangu anafanya kazi katika ghala la mizigo, na siku asipofika hukatwa 2,500. Kwake Jumanne ya hospitali ya umma ni 3,200, na Jumamosi ya mshauri binafsi, siku yake ya mapumziko, ni 3,900. Tofauti ni 700, na kwa 700 hizo anapata mtu yuleyule kila mara, jambo ambalo hospitali ya umma mara nyingi haiwezi kuahidi. Mtoto anayeanza kuzoea uso mmoja kisha akabadilishiwa huanza upya. Mimi ningelipa hizo 700.

Kwa kijana mkubwa mizani hugeuka. Jirani yetu ana binti wa miaka kumi na sita aliyeacha kusuka nywele, akaacha chakula cha jioni, akaacha marafiki, akawa analala tangu atoke shule. Hapa kumfunza mzazi hakutoshi, kwa kuwa binti ana mambo ambayo hatayasema mama akiwa chumbani, na ni haki yake. Na hapa huingia suala la dawa, ambalo wazazi hulikimbia au hulikimbilia. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2004, TADS, liliwafuata vijana 439 wa miaka 12 hadi 17 wenye sonona. Baada ya majuma 12 waliopata nafuu walikuwa asilimia 71 kwa waliopewa dawa ya fluoksetini pamoja na mazungumzo, 61 kwa dawa pekee, 43 kwa mazungumzo pekee, na 35 kwa kidonge bandia. Fluoksetini isiyo ya jina la kampuni kubwa ni miongoni mwa vidonge vya bei ndogo. Usidanganyike na bei hiyo. Katika majuma ya mwanzo baadhi ya vijana huzidiwa na fikra za kujidhuru, kwa hiyo gharama ya kweli ya dawa ni zile ziara za karibu karibu za kuangaliwa, na daktari anayeandika vidonge vya miezi mitatu kisha akakuaga amekuuzia nusu ya tiba.

Kijana akisema hataki kuishi, au akijidhuru, acha kulinganisha bei. Nenda chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu, usimwache peke yake, na dawa za nyumbani na sumu ya panya zifungiwe. Wazazi wengine husita wakiogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba.

Binti wa jirani alianza na vikao vya simu, vilivyokuwa na punguzo kwa anayelipia vinne kwa mpigo. Bei ilikuwa nzuri, nauli hakuna. Lakini nyumba ni ya vyumba viwili na kuta zake hazifiki darini, hivyo alizungumza kutoka bafuni, kanga kichwani, akinong'ona. Kikao cha pili mshauri alimwomba aongeze sauti, akakata simu. Kwa kijana mwenye chumba chake na bando la uhakika, njia ya simu ni biashara nzuri. Kwa mtoto wa miaka tisa ni kupoteza pesa, maana atakuwa anachezea kamera.

Vipo pia vya bure, na si vya kubezwa. Mwalimu wa ushauri nasaha shuleni ni bahati nasibu: mmoja ni johari, mwingine ni mwalimu wa nidhamu aliyepewa cheo cha pili. Lakini katika baadhi ya shule za sekondari kuna vikundi vya Shamiri, taasisi iliyoanzishwa na Mkenya Tom Osborn. Viongozi wake ni vijana wa miaka 18 hadi 22, na vikao ni vinne tu, saa moja kwa juma. Jaribio lao na wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha huzuni na wasiwasi vikishuka zaidi kuliko kwa wenzao waliofunzwa mbinu za kusoma. Na kwa watoto waliofiwa na mzazi, mradi wa Pamoja Tunaweza uliofanyika Moshi na Bungoma ulitumia watu wa kawaida waliofunzwa, vikao 12 vya kikundi na vichache vya mtoto peke yake, kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13. Matokeo ya mwaka 2020 yalikuwa bora kuliko huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne. Ninataja hayo kwa sababu tuna tabia ya kudhani kisicho na shahada ukutani hakifai. Kinachofaa ni mafunzo ya kazi hiyo moja na mtu wa juu anayeikagua. Ukipungukiwa na kila kitu, namba 116 ya watoto hupigwa bila malipo, mchana na usiku, Kenya na Tanzania pia.

Shahada za ukutani nazo zina mahali pake. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya Kenya ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili, na daktari wa akili husajiliwa na baraza la madaktari. Omba namba ya usajili kwenye simu, kabla ya miadi. Aliyesajiliwa hatakasirika. Kwenye simu hiyohiyo muulize ameshaona watoto wa umri wa wako, atakuhusisha wewe vipi, anatarajia vikao vingapi, na mtajuaje kufikia cha sita kwamba mambo yanakwenda. Dada aliponiruhusu nimpigie yule wa Nyali kwa niaba yake, nilipouliza hilo la mwisho kulikuwa na kimya, kisha nikaambiwa "itategemea na mtoto." Kweli itategemea. Lakini mwanasaikolojia wa vizibo alikuwa na jibu: hesabu siku ambazo shule haikupiga simu. Uliza pia kama kuna bei ya wasio na kipato. Wengi huwa nayo na hawaitangazi, na kliniki zenye wanafunzi wa shahada ya juu wanaosimamiwa mara nyingi huwa na bei ya chini.

Kuhusu bima, nchini Kenya bima ya umma ya SHA ilichukua nafasi ya ile ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, mchango ukiwa asilimia 2.75 ya kipato na usiopungua 300 kwa mwezi. Kabla ya kutoa shilingi, muulize mtu wa mapokezi kama kliniki hiyo ina mkataba na SHA kwa huduma za afya ya akili, na kama mazungumzo yamo au ni kitanda pekee. Bima za waajiri huwa na kikomo chake kwa afya ya akili, mara nyingi kidogo kuliko cha meno, na huenda zikataka barua ya rufaa. Kikao cha kwanza bila barua hiyo utajilipia.

Daftari limefika ukurasa wa mwisho. Kuanzia Agosti mistari imepungua: kadi, nauli, kadi, nauli, na mmoja wa Oktoba unaosema "godoro, jipya". Muhula wa tatu shule ilipiga simu mara moja, na ilikuwa habari ya ada. Aliponikabidhi ninakili, dada aliniomba jambo moja tu, nisiandike zile 8,500 za fundi, kwa kuwa aliyezituma kutoka Doha anaamini zilikwenda kwenye kioo cha shule. Nimemwambia shemeji hasomi magazeti. Amenijibu kwamba mama yake anasoma.